Shaba Huchoka

Endla Saarnak aliandika jina lake kinyumenyume
miaka arobaini, juu ya shaba.
Hata daftari la deni la viazi alilitia sahihi hivyo;
mwenye duka pale Viljandi akalisomea kwenye kioo, akacheka.

Mimi nilikuwa mzungusha gurudumu.
Alininusisha asidi: "Hii haina pupa,
hula pale tu ulipoitengea."
Vidole vyake vilitia wino hadi kwenye mkate.

Bamba moja hakulitia asidi.
Alilikwaruza kwa sindano tupu:
behewa la ng'ombe, mlango nusu wazi,
na mtu ambaye angekuwa kaka yake
kama angechorwa uso.
Kila Machi tulilichapa.
Mara moja. Karatasi moja.
Kwaruzo la sindano halina maisha marefu;
mlango ukafifia, reli zikawa ukungu.
Mkaguzi wa Tallinn aliuliza ni nini hiki.
"Ghala la maziwa," akajibu, akammiminia chai.

Uzeeni, mkono ulipokataa sindano,
akashika brashi, akapaka njano tupu:
theluji ya njano, paa la njano, paka wa njano.
Majirani wakanong'ona.
Nilimuuliza. Akasema rangi nyingine zimepanda bei.

Machi hii nimelichapa peke yangu.
Karatasi imetoka nyeupe,
ina ukingo wa bamba tu, umebonyea kama kitanda kilicholaliwa,
na pembeni jina, alilokuwa akilichimba upya
bila kuniambia,
limesimama sawasawa, linasomeka.