Maji ya Betri

Nina bucha Sakina, mlango wa bluu,
na kutwa kazi yangu ni kufukuza nzi.
Jioni narudi nyumbani kumwombea mmoja
apotee njia, aingie dirishani.

Juu ya kabati la vyombo, chini ya taa nyeupe,
liko kopo la siagi lililotobolewa kitako,
na ndani yake vinywa saba vimeachama,
vyekundu kama maini ya leo asubuhi.

Aliuleta Nuruana kutoka chuoni Morogoro,
kaufunga kwa gazeti bichi.
Akasema, "Baba, huu usiutie mbolea.
Wala usiuonee huruma."

Nikauonea huruma.
Nikauchotea udongo wa migombani, ule mweusi wa Meru,
ukichomeka fimbo, kesho ina majani.
Wiki mbili ukawa na rangi ya karatasi,
kama mtu wa dhiki aliyekaribishwa pilau
usiku wa kwanza, tumbo likamgeuka.
Sasa umekaa kwenye makumbi ya nazi,
nimeyaosha mara nne mpaka chumvi ikaisha,
na mchanga mweupe niliouonja kwanza kwa ulimi:
hauna ladha, hauna kitu.
Hapo ndipo ukasimama.

Kisha maji.
Mimi nilizaliwa Maji ya Chai.
Mto ndio uliobeba jina;
kisima chetu kilikuwa cheupe, baridi, kitamu,
tukanywa, tukamshukuru Mungu,
na meno yakaota na rangi yake, kahawia, yenye madoa.
Kwenye picha ya harusi nimefumba mdomo
kama anayezuia kikohozi.
Mmea huu, usio na shule wala ulimi,
niliupa maji ya bomba siku tisa
ukakunja ncha zake, ukakataa.
Siku tisa!
Mimi nilikinywa kile kisima miaka kumi na tisa.

Kwa hiyo masika nakinga mvua ya bati,
na kiangazi naenda gereji kwa Urio
kununua maji ya betri, yale yasiyo na tindikali.
Mafundi wanatoa vichwa chini ya magari:
"Mzee Anaeli, gari umenunua lini?"
"Bado liko baharini," nawajibu,
nabeba dumu langu.

Lomayani, kijana wangu wa bucha,
alikuja siku moja na kipande cha steki, kwa mapenzi tu.
Kinywa kilifumba, kikajitahidi.
Siku ya nne kilikuwa cheusi, kinanuka
kama ile Jumatatu friji ilipozimika.
Nikakikata kwa mkasi.
Mla nyama ni kweli, lakini si nyama ya kupima kwa kilo.

Nauangalia sana siku hizi.
Ndani ya kila kinywa mna nywele chache, nyembamba.
Nzi akigusa mara moja, kimya.
Akigusa tena kabla hujahesabu ishirini,
kwisha habari yake.
Hilo halikunishangaza.
Mteja anayeuliza bei mara moja huyo anapita;
akirudi kuuliza tena
mkono wangu uko kwenye kisu.

Umeme ukikatika nauhamishia dirishani,
upate jua la asubuhi kabla mlima haujajifunika.
Juni, kwenye baridi, unasinyaa, unalala.
Mwaka wa kwanza nilidhani umekufa,
nikampigia Nuruana usiku wa manane.
Alicheka mpaka salio likaisha.

Jana alikuja nzi.
Nilimleta mwenyewe, kwenye kola ya koti la kazi,
kutoka Sakina mpaka jikoni bila nauli.
Akazunguka taa. Akatua. Akagusa.
Akatembea kidogo, mwenyeji kabisa, akagusa tena.
Nikacheka peke yangu, mdomo wazi,
taa ikinimulika meno yote.

Kisha nikaitazama sahani chini ya kopo.
Maji yamebaki kidole kimoja.