Ukanda wa Bati

Februari, Vysočina. Theluji imefika kwenye kitasa cha ghala
nami nimeileta injini jikoni, juu ya gazeti,
kama mgonjwa aliyekataa kulazwa mjini.
Jawa mia tatu na hamsini, silinda mbili.
Mimi na yeye tumepishana miezi saba;
yeye ndiye mkubwa.

Nilimsikia tangu Septemba, kwenye mlima wa kutoka Třešť:
si kelele, ni kikohozi
cha mtu anayejizuia kanisani.
Nikapunguza mafuta, kikapungua.
Nikajidanganya hadi viazi vikavunwa.

Sasa silinda zimelala ubavu.
Kidole kinapita ndani kikagusa kidaraja
pale ringi zilipogeukia miaka yote,
juu, chini, juu, chini,
zenyewe zisifike popote
huku zikitufikisha sisi.

Květoslav amekuja na maikromita ndani ya soksi ya sufu.
Hasemi neno hadi apime mara tatu.
"Zimekerezwa mara nne. Hakuna pistoni inayozidi hii."
Bandubandu huisha gogo:
robo milimita nilipoanza shule,
robo nilipoolewa,
robo nilipoachika,
na ile ya mwisho sikumbuki kwa nini.

Anapiga hesabu ukingoni mwa gazeti.
Silinda zivishwe chuma kipya, zikerezwe;
pistoni, beringi, sili;
krenki ipelekwe Jihlava ikatenganishwe kwa shinikizo.
Elfu ishirini na mbili.
Kisha, macho dirishani, anaitaja injini nzima
ghalani mwa marehemu Vlastimil, kule Batelov.
Elfu tisa. Haijaguswa tangu mwenyewe anunue gari.

Nilikwenda kuiona. Mjane alifunua gunia,
nikaizungusha kwa mkono:
laini, kimya, kama mlango wa benki.
Kipya kinyemi, nilijua, nikasimama pale vilevile
nikiizungusha, nikiizungusha,
hadi mjane akaniuliza kama nataka chai.
Haikuwa na kosa hata moja la kwetu.

Usiku huo nililipasua tumbo la injini ya baba.
Beringi ya kulia ilitoka bila nyundo,
ikaniangukia kiganjani kama jino la mtoto,
na nyuma yake, umezungushwa kwa ustadi,
ukanda wa bati la dagaa.
Rangi ya buluu bado ilikuwapo. Na jicho moja la samaki.

Bohumil, baba yangu,
ambaye watu walimletea saa za ukutani na pampu za visima,
ambaye alinizaba kofi kwa kukaza bolti kwa koleo,
aliona kitako cha beringi kimelegea,
akala dagaa,
akachukua mkasi.
Hakumwambia mtu. Ikatembea miaka thelathini.

Nikaufuta ukanda. Nikacheka peke yangu, kisha nikakasirika,
kwa kuwa nilikuwa nimemlilia mtu mwingine.

Nikivisha silinda, nikibadili pistoni, beringi, krenki,
na ukanda nao nikautupa,
itabaki nini? Ganda, na namba iliyogongwa ubavuni,
ileile iliyo kwenye kadi.
Je, huko ni kufufua,
au ni kununua injini mpya kwa mkopo
kutoka kwangu mwenyewe?

Asubuhi Květoslav aliutazama ukanda dhidi ya taa.
"Kazi safi," alisema, na sikujua kama ni kejeli.
"Kitako hiki nacho kitengenezwe. Ongeza elfu moja na mia tano."
Nikamwambia aandike.

"Ya Batelov ni nzima, Zdeňka."

Ni nzima. Lakini siku itakapoharibika
itaniharibikia kama mgeni,
kwa lugha nisiyoijua, mbali na nyumbani.
Hii kikohozi chake nakijua.
Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Hakubishana. Aliomba makopo ya kuwekea bolti,
nikampa matatu.
Bati la dagaa lilikuwamo kabatini, zima,
nikalifungua tukala na mkate,
na lilipokwisha
nikaliosha.