Tatu kwa Kila Saba

Mtihani wa Mwalimu Lyatuu nilipata thelathini na moja.
Niliandika friksheni mara nane, kwa mwandiko mzuri,
bila kujua ni mnyama gani.

Jumamosi hiyo, Keko, karakana ya mjomba Chambuso,
kabati la mninga, milango mitatu,
linatakiwa barabarani kabla mwenye Kenta hajabadili bei.
Kilo sabini. Tulilipima mlango kwa mlango kabla ya kuliunga,
kwa mizani ya ndoano ya Nandonde, mnunua vyuma chakavu,
anayeidai kila saa kana kwamba tumemkopa jino.

"Unanunia nini?"
"Friksheni."
"Ndiyo nini?"
Nikakosa neno. Nikasugua viganja.
"Aa," akasema, "msuguano. Huyo naishi naye tangu hujazaliwa."

Akafunga kamba kwenye miguu ya kabati, ndoano kwenye kamba.
"Vuta. Usinitazame mimi, tazama mshale."

Ishirini. Kabati halisikii.
Thelathini. Kabati ni ukuta.
Arobaini na moja: likakoroma, likashtuka, likaja,
na mshale ukaanguka hadi thelathini, ukatulia.
"Mwanzo mgumu," mjomba akacheka,
"mlidhani ni maneno ya kanga tu?
Vikitulia, mguu na sakafu hushikana vidole.
Vikianza kupishana, havipati muda wa kushikana vizuri."

Nikavuta polepole, kama nabeba uji wa mgonjwa: thelathini.
Nikavuta mbiombio: thelathini.
Tukalilaza ubavu, ule wa kuficha ukutani, haujapakwa vanishi,
ubao mpana wote chini, nikajua sasa mshale utapanda.
Thelathini.
Nikakasirika. "Lakini eneo limeongezeka!"
"Na uzito?"
"Uleule."
"Basi. Mzigo mmoja, wabebaji wamekuwa wengi,
kila mmoja ananung'unika kidogo."

Tulipolisimamisha, Ligomba, kitinda mimba wake,
akajifungia ndani akidai yeye ni shati.
Kilo ishirini na nane za shati.
Mshale: arobaini na mbili.
Nikachukua penseli ya fundi, nikaandika kwenye pande la mbao:
thelathini kwa sabini,
arobaini na mbili kwa tisini na nane,
nikagawa, nikagawa tena.
Tatu kwa saba. Tatu kwa saba.
Ile herufi ya Kigiriki yenye mkia,
niliyoichora darasani kama kijiko kilichopinda,
kumbe ni ushuru tu:
kila kilo saba zinazopita, sakafu inachukua tatu.

Nikaachia kamba. Kabati likasimama palepale;
Ligomba akajigonga paji la uso, akatoka analia.
Nikapapasa chini ya mguu wa kabati.
Pana joto.
Jasho langu lilikuwa limehamia huko.

Mjomba akapaka miguu kipande cha mshumaa,
mshale ukashuka kumi na tisa,
na kabati likaenda barabarani kama bibi harusi.
Nandonde akachukua mizani yake bila kuaga.

Jioni mteja akatuma hela.
Ziliingia simu ya mkewe mjomba, maana laini yake ilifungwa.
Alipokwenda kuisajili alibandika dole gumba mara sita,
na mara sita mashine ikasema hapa hakuna mtu.
Miaka thelathini ya msasa.
Mbao inalainika, kidole nacho kinalainika,
na mwenye mashine akamwambia, mzee, nawa mikono ujaribu tena.

Jumatatu ningerudi kwa Mwalimu Lyatuu.
Nilitaka kumwambia mjomba kitu, sikujua kwa lugha ipi.
Nikampa mkono wa kwaheri.
Kiganja chake kikateleza kidogo ndani ya changu,
kisha kikashika.