Njia Panda

Machi, kule Kopenhagen, walimtoa zoloto,
wakamrudisha kisiwani na tundu shingoni
la ukubwa wa kifungo cha koti,
na kifimbo cha betri akibane chini ya taya
apate kusema kama redio iliyotumbukia kisimani.
Baba yangu, Høgni,
aliyekuwa akiita kondoo wa mlima wa pili
bila kutoka kizingitini.

Kifimbo akakitia kwenye droo ya vijiko.
Tukawa watu wa ubao na chaki:
*Chumvi.* *Mlango.* *Asante.* *Acha.*

Julai, Nólsoy hakuna usiku wa haja,
ni maziwa yaliyoingia kivuli.
Ndipo wanaporudi kutoka baharini,
drunnhvíti, wenye kiuno cheupe,
uzito wa barua, harufu ya nguo za sandukuni,
wanajipenyeza kwenye ukuta wa mawe wa malisho
na ukuta unaanza kushona:
trrrrrrrrrrr,
cherehani, cherehani,
kisha *hik!*
uzi umekatwa.

Mmoja nilimwokota alfajiri chini ya taa ya gati,
shingo imevunjika, bado ana joto.
Mimi ni mwalimu wa baiolojia; wembe hauninyimi.
Nikamlaza juu ya gazeti la juzi.
Baba akavuta kiti.

Koromeo lake, pete juu ya pete,
jembamba kuliko mrija wa wino.
Baba akagusa pale juu, penye shina la ulimi,
akagusa na shingo yake,
akaandika: *Hapa?*

Hapo si penyewe, Baba. Hapo ni bawabu tu,
anazuia maji.
Nikateremka na wembe,
chini, chini zaidi, ndani ya kifua,
mpaka koromeo linapogawanyika panda,
tawi la pafu hili, tawi la pafu lile,
na moyo hatua moja mbele.

Hapa.
Panda ya njia, na panda ya kupuliza.
Viwambo vyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu;
pumzi ikipanda vinatetemeka,
misuli ikivikaza, ikivilegeza,
na kuvizunguka, kifuko cha hewa
kinachoikumbatia panda kwa nje.
Kitoboe, ndege atapumua kama kawaida
ila atakuwa bubu.
(Nilikuwa nimeshakitoboa. Sikumwambia.)

Na ile *hik*?
Hiyo ni hewa inarudi ndani.
Kwake hata kuvuta pumzi ni neno.

Baba alikaa.
Birika lilichemka, likajizima.
Akafuta ubao kwa kiganja, akaandika:
*Yetu iliwekwa juu mno. Karibu na kisu.*
Akacheka, na cheko likatokea shingoni,
upepo mtupu,
manyoya ya tumbo la ndege yakaruka mezani
mpaka kwenye siagi.

Usiku ule nilisikia droo, vijiko vikigongana.
Nikamwona dirishani, koti juu ya nguo za kulalia,
amepiga goti penye ukuta wa malisho
kama mtu aliyedondosha funguo.
Akabana kifimbo chini ya taya.
Hakusema kitu. Aliachia tu mngurumo,
trrrrrrrrr,
akauzima.

Ukuta ukanyamaza.
Nami nikanyamaza, mkono kwenye pazia.

Kisha jiwe la chini kabisa: trrrrrrrr, *hik!*
Akasogea hatua mbili, kwa magoti.
Akanguruma. Akangoja.
Akasogea tena.
Alifika mpaka langoni kwa Bergtóra,
ambaye mbwa wake alibweka mara moja akajionea haya.

Aliporudi, magoti yalikuwa yamelowa.
Nilimsogezea ubao; akausukuma kando.
Miezi minne. Akaweka kifimbo shingoni,
ikatoka ile sauti ya kisimani,
sauti ya bati, isiyo ya mtu niliyemjua:

"Saba."

Akavuta hewa kwa lile tundu,
nikaisikia ikiingia.

"Waliojibu."