Daftari la Mama Mdogo

Nimekuja Cleveland kumzika mama mdogo Milojka,
pacha wa mama, aliyezaliwa dakika kumi na moja nyuma yake
na akamtangulia kaburini kwa miaka ambayo bado inahesabiwa,
maana mama yuko Ljubljana,
jana ameniagiza nimletee mbegu za figili.

Ndani ya friji: mtindi, nusu limau,
vichupa vitatu vya insulini vimesimama mlangoni
mahali pa mayai.
Na juu ya friji, daftari.
Mwandiko ni ule ule wa mama,
herufi zimeinama kama watu wanaopanda kilima.

*Jumatatu, yuniti ishirini.
Jumanne, kumi na mbili.
Jumatano, kumi. Nimekula kidogo, itatosha.
Ijumaa mshahara.*

Itatosha.
Neno hilo linarudi kila ukurasa
kama mgeni asiyejua kuaga.

Nilitaka kumlaumu kwa keki za jozi,
kwa kiti chake mbele ya televisheni.
Nikamkumbuka mama:
keki ni zile zile, sukari ni ile ile damuni,
na juu yake mama huvuta sigara barazani
akidhani majirani hawamwoni.
Ila mama hana gari.
Hushuka ngazi za ghorofa tatu akilaani,
hupanda basi hadi kliniki,
humfokea daktari kwa foleni ya nyonga, miezi tisa sasa,
hurudi na dawa ndani ya kikapu, chini ya vitunguu.

Nilimpigia simu: Mama, insulini ni bei gani?
Kimya.
Kisha akauliza, "Bei ya nini?"

Huku barabara hazina pa kutembelea mguu.
Nilijaribu kwenda dukani nikitembea,
polisi akasimamisha gari, akaniuliza kwa upole
kama nimepotea.
Na usiseme nchi ni maskini. Utajiri upo,
nimeuona kwa macho yangu, una lifti sita:
hospitali ya vioo inayong'aa mpaka ziwani,
humo wanashona moyo wa kichanga
usiozidi tunda la jozi.
Mama mdogo alifagia humo miaka kumi na tisa,
zamu ya usiku.

Baada ya mazishi, binamu yangu Rudy alinionyesha picha.
Huyu ni Trent, mwanangu, alianguka kutoka kwenye paa,
wakampa tembe za mgongo,
mgongo ukapona, tembe zikabaki naye. Ishirini na tisa.
Huyu ni mtoto wa jirani, risasi haikuwa yake. Kumi na saba.
Akasogeza picha nyingine. Nikamshika mkono.

Mimi ni mwalimu wa hesabu.
Miaka yote nimewafundisha watoto wastani
kwa machungwa na ndoo.
Sikuwaambia hivi: mzee akifa na sabini na nane
wastani hukwaruzika tu;
kijana akifa na kumi na saba
wastani huvunjika mguu,
na taifa zima huchechemea bila kujua ni wapi panauma.

Ajali haina kinga, husema watu.
Basi nimeiona kinga. Ina dirisha.
Nyuma ya dirisha yupo mfamasia mwenye huruma na mashine,
na mashine haina huruma.
Nilimpelekea vichupa vile vitatu. Akakataa, sheria.
Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni
aliutazama mkono wangu
kama mtu wa njaa aangaliavyo mkate wa mwenzake,
kisha akatazama sakafu.
Hakuomba.
Niliviacha juu ya boneti ya gari lake, sikugeuka.

Kesho nasafiri. Mbegu za figili nimepata.
Mama ataniuliza mdogo wake amekufa na nini,
nami nitasema sukari, ndivyo cheti kisemavyo.
Ila daftari nitalishona ndani ya bitana ya koti.
Mwandiko ule
mama anausoma vizuri mno.