Sikio la Kushoto la Fundi Nandonde

Fundi Nandonde hasikii kwa sikio la kushoto
tangu jenereta ya Ligula ilipompasukia.
Ukimwita sokoni, jina lake analipata lote,
ila hajui limetoka wapi.
Huzunguka duara zima, kikapu mkononi,
akimtabasamia kila mtu, asije akamkosa mwenyewe.

Yeye ndiye aliyenifungia kisanduku hiki
juu ya dashibodi ya Cessna yetu kuukuu,
antena mbili, moja fupi kama kidole gumba.
Akaniambia, bisibisi ikiwa mdomoni:
"Somoe, usikiulize kuna ndege ngapi.
Kiulize, kwa kila moja, nani kakwambia."

Lugha yetu inalijua jambo hili tangu zamani:
kuona si kusikia,
kusikia si kuambiwa.

Alama yenye ncha, iliyojaa rangi,
huyo kajisema mwenyewe:
jina, kimo, mwendo, anakoelekea,
mara mbili kwa sekunde, bila kuombwa.
Helikopta ya Msimbati hujisema hivyo,
kama mtu anayebisha hodi na kutaja ukoo wake.

Alama yenye ncha lakini tupu ndani
imesemewa. Mlingoti wa Naliendele umeisikia,
ukakaa nayo kidogo, ndipo ukanitumia.
Lisemwalo lipo, sawa,
lakini lilikuwa pale sekunde sita zilizopita,
na sekunde sita angani ni shamba zima la korosho.

Halafu kuna duara.
Duara halina ncha. Linanizunguka mimi,
na tarakimu pembeni: futi mia mbili chini yako.
Huyu hajasema alipo. Ndege ya abiria juu ya mawingu
ilimuuliza, akaijibu kimo chake, basi.
Kisanduku kikadaka jibu lisilo lake,
kikapima ukubwa wa sauti: kubwa, kwa hiyo yu karibu.
Mbele? Nyuma?
Kisanduku nacho kina sikio moja.

Jumatano ile nilibeba chanjo kwenye barafu,
natoka Mtwara kwenda Nachingwea,
chini mikorosho inapuliziwa salfa,
futi elfu nne na mia tano.
Duara likatokea. Tofauti ya kimo: sifuri.
Nikaangalia kulia. Nikaangalia kushoto.
Nikainua bawa nichungulie chini yake:
Lukuledi imekauka nusu, mchanga, ng'ombe wanne.
Nikapanda futi mia tatu. Akapanda.
Nikashuka. Akashuka.
Nikaita redioni, nikijikaza sauti isitetemeke:
"Ndege iliyo karibu nami, kusini mwa Nyangao, jitambulishe."
Kimya. Mkwaruzo. Kimya.

Ndipo nikamkumbuka Nandonde, juzi yake,
akibadilisha transponda kwa tochi ya simu.
Ndege ikapewa namba mpya;
kisanduku hakuna aliyekiambia.
Kilikuwa kinanisikia mimi.
Dakika kumi na moja nilimkimbia mwanamke wa Mtwara
aliyebeba chanjo za watoto wa Nachingwea.

Akili ya kuambiwa, husema watu, changanya na ya kwako.
Hawakusema kwamba hata ya kwako
yaweza kukurudia imevaa nguo za mgeni.

Niliporudi nilimkuta getini, kanipa mgongo,
anabishana bei ya mihogo ya kuchoma.
Nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga tangu Nyangao.
Nikamwita mara moja.
Akaanza kuzunguka: lori la mafuta, mlinzi,
mbuzi wa mlinzi, kila mmoja na tabasamu lake.
Sikumpungia mkono.
Nilisimama palepale kwenye lami ya moto
nilione duara likifika kwangu
na kuota ncha.