Dodoso la Mwezi wa Tano

Ukurasa wa nne wauliza:
karoti, mara ngapi kwa wiki?
Naandika tatu. Nafuta. Naandika mbili.
Kalamu ya risasi haijui kudanganya
bila kuacha kivuli.

Hapa Kuopio barafu ya ziwa imepasuka juzi tu,
na mibetula, yenye maganda meupe kama makoti ya hospitali,
imeanza kumwaga vumbi lake la manjano
juu ya baiskeli, juu ya shuka nilizoanika,
ndani ya pua yangu.
Chafya ya kwanza, jirani Aulikki agonga ukuta: "Afya!"
Ya pili, "Afya!"
Kufikia ya saba
ukuta umechoka.

Nina miaka hamsini na mitatu.
Mzio ulinijia ukubwani,
kama mgeni asiyebisha hodi,
akauliza kitanda kiko wapi.

Pirkka wa chuo kikuu anakuja na mizani ya jikoni.
Anataka gramu.
Mkate mweusi, vipande vingapi?
Samaki, mwenye mafuta au mkavu?
Na vitamini C, Bi Tanskanen,
katika sahani yako yatoka wapi?

Yatoka wapi! Nimwambie tofaa?
Tofaa likinigusa ulimi, midomo hufura,
koo huwasha kana kwamba nimemeza sufi.
Daktari alisema tofaa na chavua ya mbetula
zimefanana sura,
na mwili wangu ni askari mwenye usingizi:
akimtafuta mmoja, humkamata mwenziwe.

Mama alikuwa akitubana pua, mimi na Rauno,
kijiko cha mafuta ya ini la samaki
kila asubuhi ya giza, Novemba hadi Machi.
"Meza. Jua limo humu."
Rauno hakuwahi kupiga chafya.
Rauno alikunywa vingine, akafa.
Dodoso halina safu ya hilo.

Nikamuuliza kijana: nikila zaidi, nitapona?
Akavua miwani, akaifuta kwa shati.
"Hatujui. Walao mboga nyingi huenda wanaumwa kidogo,
huenda wanaishi vingine tu.
Wewe ni nukta moja kati ya nyingi."
Akaionyesha hewani kwa kidole, juu ya birika,
nami nikapatazama pale
nione kama nimevaa viatu.

Usiku natoa kwenye friza kopo la mwisho
la beri za kinamasi, rangi ya kaharabu,
alizochuma Rauno Agosti ile
huku mbu wakimla naye akicheka.
Hizi hazijanidhuru kamwe.
Nazila na barafu yake, kwa kijiko kilekile.

Ukurasa wa tisa, penye "vinginevyo", naandika:
beri, gramu mia na arobaini.
Safari hii sifuti.
Napiga chafya, namba zinalowa.

Ukuta kimya.
Halafu, polepole, ngumi moja.